Watu 16 na leseni moja

Wengi mmeniuliza toleo la 2.0 liko wapi. Pasaka imepita, mvua ya masika imekuja na kwenda, na ukurasa wa kupakua bado unaonyesha 1.9. Jamani, programu yenyewe iliisha zamani. Kilichonikalisha ni mstari mmoja tu ulio juu ya kila faili, ule unaotaja leseni. Miezi minne nimekuwa nikihangaika na mstari huo, na leo nataka kuwasimulia, kwa sababu naona vijana wetu wengi wanaoandika programu huchagua leseni jinsi mtu anavyochagua rangi ya kava la simu: naiona kwa wengi, basi na mimi naiweka.

Kwa mgeni ambaye ndiyo kwanza anafika hapa: programu yenyewe ni maktaba ndogo ya kusoma ujumbe wa M-Pesa. Unaipa ujumbe kama ulivyoingia kwenye simu, nayo inakutolea kiasi, tarehe, jina la aliyetuma na namba ya muamala, vyote vikiwa tayari kuingia kwenye daftari la hesabu. Niliianza 2013 kwa ajili ya mhazini wa chama chetu, mama aliyekuwa akinakili ujumbe mmoja mmoja kwa kalamu kila Jumapili jioni. Niliiweka wazi kwa leseni ya GPL, toleo la 2. Watu wakaanza kuitumia, wengine wakaanza kuirekebisha na kunitumia marekebisho. Nikayapokea kwa furaha. Ndivyo programu huria inavyokua.

Mwezi wa Januari kijana mmoja wa Nakuru akaniandikia. Anatengeneza programu ya mauzo kwa maduka ya vifaa vya ujenzi. Anaenda dukani, anaiweka kwenye kompyuta ya mwenye duka, analipwa kidogo, kisha anaitunza kwa ada ya kila mwezi. Ndiyo kazi yake, hana nyingine. Alitaka kuitumia maktaba yangu ndani ya programu yake. Alikuwa ameisoma leseni kabla ya kuniandikia (nilimheshimu hapo hapo, wengi hawasomi) na swali lake lilikuwa moja: je, nikiitumia, itanibidi nitoe msimbo wa programu yangu nzima?

Jibu ni ndiyo. Ukisambaza programu yenye kipande cha GPL tumboni, unayempa ana haki ya kupata msimbo wa programu nzima, chini ya GPL hiyo hiyo, na ana haki ya kumpa jirani yake bila kukulipa. Kama ungeiweka kwenye seva yako na watu wakaitumia kwa mtandao, GPL ingenyamaza, kwa sababu kuiendesha mwenyewe si kuisambaza. Ndiyo maana ikatoka AGPL, ya kuziba mwanya huo. Lakini huyu kijana anaiweka kwenye kompyuta ya mteja, na huko ni kusambaza.

(Msimbo ndio ule wengine huuita kodi. Mimi nikisikia kodi nawakumbuka KRA, kwa hiyo hapa tutasema msimbo.)

Akanijibu kwa adabu: "Sawa kaka. Basi nitaandika ya kwangu."

Hapo ndipo nilipokosa usingizi. Wako wengine waliosema hivyo hivyo kabla yake, na kila mmoja akaandika ya kwake, na kila mmoja akaangukia shimo lile lile. Ujumbe hubadilika umbo kidogo, nafasi inaongezeka mahali, nukta inahama, na programu inauruka bila kusema kitu. Kijana wa Nakuru alinisimulia kuhusu duka moja lililokuwa na programu ya namna hiyo kabla ya kuja kwake. Hesabu za jioni zilikuwa hazilingani, na msichana wa kaunta akakatwa mshahara miezi miwili kwa pesa ambazo hazikupotea. Zilikuwa kwenye simu ya duka muda wote. Programu ndiyo haikuziona. Maktaba yetu ilishaziba shimo hilo miaka mingi iliyopita, kwa sababu mtu wa Eldoret aliliona na kulirekebisha. Lakini leseni niliyoweka ilikuwa inawazuia wanaoihitaji wasiiguse.

Nikaamua kuilegeza. Rahisi, sivyo? Mradi ni wangu, jina langu liko juu, nafungua faili nafuta GPL naandika kitu kingine.

Hapana. Hakimiliki ya programu ya kompyuta ni kama ya kitabu. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inaihesabu programu pamoja na kazi za fasihi, na haki ya mwandishi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Aliyenitumia mistari 30 ya marekebisho hakunipa mistari hiyo iwe mali yangu. Aliniruhusu kuitumia kwa masharti ya GPL, basi. Mradi wangu ulikuwa unafanana na nyumba iliyojengwa kwa harambee ambayo kila mtu bado anamiliki tofali lake. Unaweza kuishi humo, lakini huwezi kuibadilishia hati bila wenye matofali.

Na hapa kuna jambo ambalo watu hulichanganya sana. Leseni hazibadiliki kwa urahisi ulio sawa kila upande. MIT na BSD zinasema, kwa ufupi: chukua, fanya utakalo, ila usifute jina langu. Msimbo wa BSD yeyote anaweza kuuchukua, akaongeza wa kwake juu, akaweka leseni kali zaidi au akaufunga kabisa, bila kumpigia mtu simu. GPL inasema: chochote utakachokijenga juu yangu ukakisambaza, kitoke na masharti haya haya. Kutoka BSD kwenda kwenye masharti makali ni kuteremka na mto. Kutoka GPL kwenda kwenye kitu laini ni kupiga kasia dhidi ya mkondo, na kila aliyeandika mstari amekaa ukingoni na ana haki ya kukwambia simama.

Kuteremka na mto tumekuona hivi karibuni tu. Redis, hifadhidata inayoweka vitu kwenye kumbukumbu ya kompyuta ili visomwe haraka, ilianzishwa na Salvatore Sanfilippo wa Italia mwaka 2009 kwa leseni ya BSD. Ikaenea kila mahali. Kampuni iliyokuja kuwa na jina la Redis ilisema 2018, wakati ilipobadilisha leseni ya vipande vyake vya ziada, kwamba Redis yenyewe itabaki BSD daima. Daima hiyo ilidumu chini ya miaka 6. Machi 2024 ikatangaza kwamba kuanzia toleo la 7.4 Redis itatoka kwa leseni mbili, RSAL na SSPL, ambazo zote mbili hazimo katika orodha ya leseni huria za Open Source Initiative. Malalamiko yao nayaelewa: makampuni makubwa ya kukodisha seva yalikuwa yakiiuza Redis kama huduma na kuvuna pesa nyingi. Na sheria haikuvunjwa hata kidogo. Wachangiaji wote walikuwa wametoa kazi yao kwa BSD, na BSD inaruhusu. Hawakuulizwa kwa sababu hawakuhitaji kuulizwa.

Walichofanya nacho kinaruhusiwa na BSD hiyo hiyo. Mwezi haukuisha kabla Linux Foundation haijatangaza Valkey, mradi mpya uliochukua msimbo wa Redis 7.2.4, uliokuwa bado na leseni ya zamani, ukiungwa mkono na Amazon, Google, Oracle na wengine. Ukitazama vizuri, makampuni yale yale yaliyolalamikiwa ndiyo yakapata mradi wao. Mei 2025 Redis 8 ikatoka, na safari hii AGPL ikaongezwa kwenye orodha, kwa hiyo sasa unaweza kuichukua kwa leseni huria tena ukitaka. Lakini waliohama wamehama.

Kwa upande wa kupiga kasia, mfano ninaoupenda ni VLC. Ile yenye alama ya koni ya barabarani, ambayo nadhani imecheza nusu ya filamu zote zilizowahi kuonyeshwa kwenye hosteli za vyuo vya Kenya. VLC ilizaliwa na wanafunzi wa École Centrale Paris, na 2001 chuo kikakubali itoke kwa GPL. Miaka kumi baadaye, Januari 2011, Apple wakaiondoa kwenye App Store baada ya mmoja wa wasanidi wake mwenyewe kulalamika kwamba masharti ya duka hilo hayapatani na GPL. Alikuwa na haki ya kulalamika, msimbo ulikuwa wake pia. Basi Jean-Baptiste Kempf, anayeuongoza mradi huo, akaanza kuwatafuta walioandika ule msimbo ili wakubali uhamie LGPL. Mamia ya watu, wengine walishaacha kuandika programu kabisa. Mwishoni mwa 2011 kiini cha VLC kikahama, na Novemba 2012 sehemu nyingi za kuchezea video na sauti zikafuata. Julai 2013 VLC ikarudi App Store.

Niliposoma habari hiyo nikajiambia, kama yeye aliwatafuta mamia, mimi nashindwaje na wangu?

Nikafungua kumbukumbu za Git. Zilitoa majina 23. Nikaondoa yaliyojirudia (kuna jamaa mmoja ana majina manne, kila kompyuta aliyowahi kununua ina lake) nikabaki na watu 16 bila kujihesabu mimi. Wanne kati yao walirekebisha tahajia tu, na wakili angeniambia hao niwaache. Niliwaandikia wote.

Barua yangu ilikuwa fupi. Nilieleza habari ya Nakuru, nikasema nataka kuhama kutoka GPL, nikataja leseni mbili, MIT na LGPL, na kumwomba kila mmoja aseme anakubali ipi, zote, au hakuna. LGPL, kwa asiyeijua, ni ndugu mpole wa GPL. Unaweza kuitumia maktaba ndani ya programu yako iliyofungwa, lakini ukiibadilisha maktaba yenyewe kisha ukaisambaza, mabadiliko hayo uyatoe, na mteja wako awe na uwezo wa kuiondoa maktaba hiyo na kuweka toleo jingine mahali pake. Programu yako inabaki yako. Maktaba inabaki yetu.

Watu 11 walijibu wiki ya kwanza. Wengi waliandika "zote sawa" na kuuliza hali ya watoto. Mmoja alisema alikuwa amesahau kabisa kwamba aliwahi kuandika kitu kama hicho, akaomba nimtumie aone kama kilikuwa kizuri. (Kilikuwa kizuri.)

Watatu walihitaji kutafutwa. Wa kwanza nilimpata kupitia shemeji yake. Wa pili amehamia Muscat, na tuliongea usiku wake baada ya zamu. Wa tatu nilimpata mara moja, lakini yeye ndiye aliyenifundisha kitu: alipoandika kile kipande alikuwa ameajiriwa, na aliandika mchana, ofisini, kama sehemu ya kazi yake. Kwa sheria yetu, kazi ya namna hiyo ni ya mwajiri isipokuwa mkataba useme vingine. Kwa hiyo ruhusa yake pekee haikutosha. Ilimbidi amwendee bosi wake wa zamani, aliyemwuliza mara tatu kama kuna pesa ndani, na alipohakikishiwa kwamba hakuna, akatia sahihi barua. Wiki tano kwa mistari 18.

Hao ni 14. Wakabaki wawili.

Wa 15 ni kaka mmoja wa Mombasa, mkubwa wangu kwa miaka kama kumi. Yeye aliandika sehemu inayoshughulikia miamala iliyorudishwa, ile ya mtu aliyetuma pesa kwa namba isiyo yake kisha zikarejeshwa. Ni mistari 340 na ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Jibu lake lilikuwa maneno matatu: "Hapana. Samahani sana."

Nilikaa na jibu hilo siku mbili, kisha nikampigia simu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba mdogo wangu. Najua unataka nini. Bado ni hapana."

Nikamwambia sikupiga kumbembeleza, nataka tu kujua sababu. Akanyamaza kidogo, kisha akanieleza. Zamani aliwahi kuandika programu ya kufuatilia mizigo, akaiweka wazi kwa leseni ya MIT, kwa roho safi kabisa. Kampuni moja ikaichukua, ikaipaka rangi, ikaifunga. Miaka miwili baadaye ofisi aliyokuwa akifanya kazi ikainunua kwa pesa nyingi, na yeye akateuliwa kwenda kwenye mafunzo ya kuitumia.

"Nilikaa kiti cha nyuma kabisa," akasema, "nikafundishwa programu yangu mwenyewe kwa siku mbili. Wakanipa na cheti."

Tulicheka, lakini yeye alicheka kidogo. Akaendelea: "Wewe ulipoweka GPL ndipo mimi nikaingia. Nisingekuchangia vinginevyo. Sasa unaniambia nilichoingilia hakipo tena."

Sikuwa na jibu la haraka, na mpaka leo naona alisema kweli. Leseni ndiyo maneno niliyomwambia wakati nikimkaribisha. Hakusoma sera yoyote, hakunijua mimi ni nani. Alisoma ule mstari juu ya faili, akaona mlango wa kumwibia umefungwa, akaleta kazi ya wiki kadhaa bila malipo. Kwa upande mwingine kuna yule msichana wa kaunta. Nilimweleza habari yake pia, na hapo akaniuliza maswali mengi kuliko nilivyotegemea. Aliuliza ilikuwa miamala ya aina gani. Nilipomwambia baadhi ilikuwa ile iliyorudishwa, akaguna.

"Hiyo LGPL," akasema, "mtu akiirekebisha sehemu yangu, nitaona?"

"Akiisambaza, ndiyo, lazima atoe. Akiitumia kwenye seva yake mwenyewe, hutaona."

"Hata GPL nisingeona."

"Hata GPL."

"Na MIT?"

"MIT ndiyo ile ya cheti."

Akasema MIT tuisahau, na LGPL ataifikiria. Baada ya wiki moja akakubali, kwa sharti moja ambalo nitalieleza sasa hivi, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike haya yote.

Rafiki yangu wakili alikuwa amenishauri, na ushauri wake una mantiki: kwa kuwa umewapata wote, watie sahihi karatasi ya kukukabidhi haki zao, ili siku nyingine ukitaka kubadilisha leseni usihangaike tena. Miradi mingi mikubwa hufanya hivyo. Kaka wa Mombasa alitaka hiyo karatasi isiwepo. Kila mtu abaki na haki yake, na mimi nibaki na yangu tu.

Nikakubali, na si kwa ajili ya kumridhisha tu. Wasomaji wa siku nyingi mnaikumbuka Jambo OpenOffice, OpenOffice ya Kiswahili iliyotoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwishoni mwa 2004, na jinsi tulivyofurahi kuona "Faili" na "Hariri" juu ya dirisha. OpenOffice ilikuwa mradi wa karatasi za namna hiyo. Aliyechangia msimbo kwenye mradi mkuu aliweka sahihi ya kushiriki hakimiliki na kampuni ya Sun, ambayo watu wengi waliiamini, na kwa sababu nzuri. Januari 2010 Oracle ikakamilisha ununuzi wa Sun, na karatasi zote zikahama pamoja na meza na viti. Septemba mwaka huo kundi kubwa la wasanidi likajitenga na kuanzisha LibreOffice. Juni 2011 Oracle ikaukabidhi msimbo wa OpenOffice kwa Apache Software Foundation, na leseni ikatoka LGPL ikawa ya Apache, inayoruhusu kufunga. Leseni ya Apache ni nzuri, mimi mwenyewe naitumia kwingine. Lakini mtu aliyetoa kazi yake miaka ya nyuma kwa sababu ya ile L na ile G hakupigiwa simu na yeyote. Alishapigiwa siku ile alipotia sahihi.

Mimi sina mpango wa kununuliwa na Oracle, msicheke. Lakini naweza kufa, naweza kufilisika, naweza kubadilika. Mtu anayesema "niamini mimi" anaomba kuaminiwa kwa niaba ya kila atakayekuja kushika nafasi yake, na huyo hamjui. Sasa, nikitaka kuibadilisha leseni tena nitaanza upya na orodha, na itakuwa ndefu zaidi. Sawa. Linux haina karatasi ya kukabidhi haki, ina maelfu ya wenye hakimiliki, iko GPL toleo la 2 peke yake, na 2006 Linus Torvalds na wenzake walipoikataa rasimu ya toleo la 3, hapakuwa na mtu wa kuwalazimisha. Ugumu huo una faida yake.

Tulibishana pia juu ya maneno matano: "au toleo lolote la baadaye". Unapoandika "LGPL 2.1 au toleo lolote la baadaye" unawaruhusu Free Software Foundation waandike sheria za kesho juu ya kazi yako ya leo. Wengine huogopa. Lakini Wikipedia ilisaidiwa na maneno kama hayo. Ilikuwa chini ya leseni ya GFDL, iliyotungwa kwa ajili ya vitabu vya mwongozo na kuwachosha wote walioitumia kwa makala. Novemba 2008 FSF ikatoa GFDL 1.3 yenye kifungu cha kuruhusu kuhamia Creative Commons, wanajumuiya wakapiga kura, na Juni 2009 makala zote zikahama, pamoja na zile za Wikipedia ya Kiswahili zilizoandikwa na watu ambao hakuna mtu duniani angeweza kuwatafuta mmoja mmoja. Kwa hiyo maneno hayo ni kama ufunguo wa akiba unaomwachia jirani. Inategemea jirani ni nani. Sisi tumeuacha kwa FSF, kura 12 kwa 3. Kaka wa Mombasa alikuwa miongoni mwa wale 12, jambo ambalo sikulitegemea. Alisema hao wazee wa FSF ni wagumu kuliko yeye.

Kijana wa Nakuru nimemwambia asubiri kidogo, kwa sababu ya mtu wa 16.

Mtu wa 16 simjui. Mwaka 2016 alituma kipande cha kusoma ujumbe wa M-Pesa wa Kiswahili, mistari 212, kimeandikwa vizuri mno, na maelezo yote ndani yake kwa Kiswahili safi kuliko changu. Alitumia jina la utani lenye herufi tano. Barua pepe yake imekufa. Niliuliza kwenye vikundi vyote ninavyovijua, nikauliza Dar, nikauliza Zanzibar, hakuna anayemfahamu. Kuna waliosema: nyamaza tu, weka LGPL, nani atalalamika? Huenda hakuna. Lakini kama nilimsikiliza aliyesema hapana, siwezi kumhesabia ndiyo ambaye hajasema chochote.

Kwa hiyo kipande chake tumekitoa. Mwanafunzi mmoja wa Kakamega ambaye hajawahi kufungua msimbo wetu ameandika kingine kuanzia sifuri, kwa kutazama mifano ya ujumbe tu. Imemchukua wikendi tatu. Kinafanya kazi, ingawa bado kinajikwaa kwenye majina yenye alama ya ng' na nimempa mpaka Jumamosi. Kikikaa sawa, 2.0 inatoka Jumapili jioni, LGPL 2.1 au toleo lolote la baadaye, na majina yote 17 ndani ya faili la WACHANGIAJI, likiwemo lile la herufi tano.

Na wewe mwenye jina hilo, kama unasoma hapa: kipande chako hakijafutwa. Kiko kwenye 1.9 kama ulivyokiacha, chini ya GPL. Niandikie tu neno moja, lolote kati ya mawili, anwani yangu iko pale juu.